Njia za kutumiana nyaraka za wagonjwa kwa usalama: ulinganisho kwa maabara, zahanati na ofisi za bima za Dodoma

Majibu ya maabara, ripoti za picha za mionzi, fomu za madai ya bima, vyeti vya kupimwa afya kabla ya ajira: nyaraka hizi hutoka ofisi moja kwenda nyingine kila siku ya kazi hapa Dodoma, na nyingi kati yake hazipiti kabisa katika mifumo ya hospitali kubwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa zina watu wa TEHAMA walioajiriwa kuangalia jambo hili. Lakini maabara binafsi yenye wafanyakazi sita pale Makole, zahanati ya Kibaigwa inayoleta sampuli mjini, wakala wa bima mwenye chumba kimoja na wakili anayefuatilia fidia ya kibarua aliyeumia kwenye ujenzi hawana mtu wa namna hiyo, ingawa siri wanazozishika ni zilezile. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao.

Ofisi hizi huanza kwa kuuliza ni programu gani inunuliwe. Mimi naona swali hilo linapaswa kuja baada ya jingine: mtu wa upande wa pili atalifunguaje faili? Njia iliyo salama sana, ambayo tabibu aliyeko Manyoni ameshindwa kuifungua kwa simu yake, mwisho wake unajulikana. Mtu wa mapokezi atapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake binafsi na kuituma WhatsApp, kwa sababu mgonjwa amekaa anasubiri na tabibu ameshapiga simu mara kadhaa. Usalama ulionunuliwa kwa fedha nyingi unakuwa umeishia hapo.

Kwa hiyo nimezipima njia zinazotumika kwa mambo manne. Kwanza, ni nani anayeshika ufunguo wa kufungulia faili: karibu huduma zote siku hizi husimba faili linapokuwa njiani, yaani huligeuza lisisomeke bila ufunguo, lakini zinatofautiana sana linapofika, kwani nyingine zinaiachia kampuni inayolihifadhi uwezo wa kulifungua na nyingine hazimwachii uwezo huo mtu yeyote isipokuwa mtumaji na mpokeaji. Pili, je, ofisi inaweza kuonyesha baadaye ni nani alilifungua faili na siku gani? Tatu, faili lililokwenda kwa mtu asiyehusika linaweza kuzuiwa? Nne, mpokeaji mwenye simu ya kawaida na bando dogo ataweza kulisoma bila kufundishwa upya kila mara? Bei nimeitaja pale tu inapobadilisha uamuzi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Taarifa za afya ziko katika kundi la taarifa nyeti. Kwa ofisi ndogo kuna mambo matatu ya kushika: anayekusanya au kuchakata taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwa Tume; anayempa mwingine kazi ya kuzihifadhi au kuzichakata anabaki na wajibu wa kuhakikisha usalama wake; na taarifa zinazopelekwa nje ya nchi zina masharti yake ya ziada. Adhabu ya kufichua taarifa kinyume cha sheria kwa kampuni ni faini isiyopungua shilingi milioni 1 na isiyozidi shilingi bilioni 5, na kwa mtu binafsi inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Majibu ya VVU yalikuwa na ulinzi wake hata kabla ya hapo, kupitia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008.

Nitoe tahadhari moja kabla ya kuendelea. Tovuti nyingi zinazouza huduma hizi zimeandika kwa herufi kubwa kwamba zinakidhi HIPAA. Hiyo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996, na hata huko mteja huhesabiwa kuwa ameitimiza pale tu anaposaini mkataba maalumu na kampuni husika, mkataba ambao kwa kawaida haupatikani katika akaunti za bure. Alama hiyo inaonyesha kwamba kampuni imezoea kushughulikia taarifa za tiba, jambo ambalo ni zuri, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya usajili wa Tume wala haiwezi kumtetea mtu mbele yake.

WhatsApp dhidi ya barua pepe

Nianze na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazotumika kweli. Ofisi nyingi huamini kwamba barua pepe ni ya kiofisi na kwa hiyo ni salama zaidi, na kwamba WhatsApp ni ya kienyeji na kwa hiyo ni hatari. Ukiangalia usimbaji peke yake, ukweli uko kinyume. Tangu Aprili 2016 ujumbe wote wa WhatsApp husimbwa mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kusoma kilichomo. Barua pepe ya kawaida husimbwa ikiwa njiani kati ya seva na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoipokea na kuihifadhi, kisha ikakaa katika sanduku la barua ambalo mtoa huduma ana uwezo wa kulifungua, na mtu mwingine yeyote aliyepata nenosiri anaweza pia.

Tatizo la WhatsApp huanza baada ya faili kufika. Tuchukue majibu ya PDF yaliyotumwa saa nne asubuhi kutoka maabara kwenda kwa tabibu wa zahanati. Kufikia saa tano faili hilo liko kwenye simu ya mtumaji, liko kwenye kompyuta ya mapokezi ambako WhatsApp imeachwa wazi tangu jana, liko kwenye simu ya tabibu, na usiku litaingia katika bekapu, yaani nakala ya akiba, ya simu zote mbili. Bekapu hiyo haisimbwi mwanzo hadi mwisho mpaka mwenye simu awe ameiwasha sehemu hiyo mwenyewe, nafasi iliyoanza kutolewa mwaka 2021 na ambayo watu wachache huijua. Kama majibu yalitumwa kwa njia ya picha, simu nyingi huyaweka moja kwa moja kwenye matunzio, katikati ya picha za harusi na za shamba la zabibu, ambako mtoto anayecheza na simu ya baba yake atayakuta, na fundi wa simu pale Majengo atayakuta pia.

Kuna pia makundi. Maabara hufungua kundi la WhatsApp na matabibu kumi wa zahanati mbalimbali ili kurahisisha kazi, na hapo kila tabibu anaona majibu ya wagonjwa wa wenzake, wakiwemo watu wa mtaani kwake. Aliyeacha kazi mwezi uliopita bado yumo kwenye kundi, kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kumtoa. Hili kwangu ni kosa kubwa kuliko udhaifu wowote wa kiufundi nitakaoutaja katika ulinganisho huu, na linaweza kurekebishwa leo bila kulipa shilingi.

Udhaifu wa barua pepe uko kwingine. Anwani hujaza yenyewe unapoandika herufi tatu za kwanza, na majibu huenda kwa mtu mwenye jina linalofanana. Ukishatuma huwezi kurudisha. Kiambatisho cha Gmail hakiwezi kuzidi MB 25, hivyo picha za mionzi hazipiti. Lakini barua pepe ina faida ambayo WhatsApp haina: inabaki katika akaunti ya ofisi, kwa jina la ofisi, na mfanyakazi anapoondoka meneja anaweza kuifunga akaunti ile na kubaki na kumbukumbu yake yote. Sharti ni kwamba iwe kweli ni akaunti ya ofisi. Maabara inayotumia Gmail binafsi ya mfanyakazi wa zamu imemkabidhi mtu huyo wagonjwa wake wote, na siku akiondoka ataondoka nao.

Mtu asiye na uwezo wa kulipia chochote zaidi anaweza kuimarisha barua pepe kwa kulifunga faili lenyewe kwa nenosiri kabla ya kulituma. Word na LibreOffice zote huweza kutoa PDF yenye nenosiri, na PDF ya namna hiyo hufunguka kwenye simu karibu zote. Programu ya bure ya 7-Zip hufunga kwa usimbaji wa AES-256, ambao ni imara, lakini angalia mambo mawili. Ukichagua muundo wa ZIP na usimbaji wa zamani unaoitwa ZipCrypto, ulinzi wake ni dhaifu. Pia majina ya mafaili ndani ya ZIP huonekana hata bila nenosiri, na faili lililopewa jina la mgonjwa pamoja na kipimo alichofanyiwa limeshatoa siri kabla halijafunguliwa. Muundo wa 7z una kisanduku cha kuficha majina, nao ndio wa kutumia. Mpokeaji asiye na 7-Zip kwenye kompyuta yake mara nyingi hukwama, kwa hiyo njia hii inafaa kati ya ofisi mbili zinazojuana, na PDF yenye nenosiri inafaa kwa tabibu mwenye simu. Nenosiri lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa, na lisipite njia ileile iliyopita faili. Mpigie simu umtajie.

Hukumu yangu kati ya hizi mbili ni hii. Kwa mazungumzo ya haraka ya tabibu na mtaalamu wa maabara, mmoja kwa mmoja, bila jina la mgonjwa na kwa namba ya rejea tu, WhatsApp yenye ujumbe unaojifuta inatosha. Kwa waraka wenye jina, tumia barua pepe ya ofisi yenye faili lililofungwa. Zote mbili hazifai kuwa ghala.

Hifadhi za wingu: Google, Microsoft na Dropbox

Hapa mtumaji hapeleki faili. Analiweka kwenye seva za kampuni, kupitia intaneti, na kumpa mpokeaji kiungo cha kulifungulia. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kiungo kinaweza kufungwa. Ukigundua saa sita mchana kwamba umempa mtu asiye sahihi, unaondoa ruhusa na kiungo kinakufa, na katika akaunti za biashara unaweza kuangalia kama alikuwa ameshalifungua. Kwa ofisi inayotakiwa kuitaarifu Tume pale usalama unapovunjwa, kujua kama faili lilifunguliwa au halikufunguliwa kunabadilisha kabisa barua utakayoiandika.

Hatari yake iko katika neno moja la mpangilio: "mtu yeyote mwenye kiungo". Ukichagua hivyo, kiungo kikishatumwa mbele na mpokeaji, kila anayekipata anaingia, na hakuna kumbukumbu ya maana itakayobaki kwa kuwa wageni hao hawana majina. Chaguo sahihi ni kutaja anwani za barua pepe za watu wanaoruhusiwa. Google Workspace na Microsoft 365 za biashara zinaweza kumtumia msimbo kwa barua pepe mpokeaji asiye na akaunti yao, akauingiza na kusoma. Hapo ndipo utaona kwamba tabibu wa kijijini ambaye hafungui barua pepe kwa wiki nzima atakwama, na inabidi ukae naye mara moja, uiweke barua pepe kwenye simu yake, na umwonyeshe.

Nikiziweka tatu hizi pamoja, OneDrive ya Microsoft 365 ya biashara ndiyo ninayoipendelea kwa ofisi za bima na za uwakili. Viungo vyake vinaweza kuwekewa nenosiri na tarehe ya mwisho, na ofisi hizo tayari zinaishi ndani ya Word na Excel. Google Workspace ni rahisi zaidi kwenye simu na hufanya kazi vizuri hata intaneti inaposuasua, lakini viungo vyake haviwekewi nenosiri, na udhibiti wake wote unategemea anwani ulizotaja. Dropbox ya kulipia inaweka nenosiri na tarehe ya mwisho bila shida, ila kwa ofisi ambayo bado italazimika kulipia barua pepe na Word mahali pengine, sioni sababu ya kuwa na mkataba wa tatu.

Akaunti za bure za kampuni hizi, GB 15 za Google, GB 5 za Microsoft na GB 2 za Dropbox, sizipendekezi kwa taarifa za wagonjwa hata kidogo. Nafasi ingetosha. Kinachokosekana ni msimamizi: hakuna mtu wa ofisi anayeweza kuona nani alifungua nini, kumlazimisha kila mfanyakazi kutumia uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na msimbo wa ziada), au kuifunga akaunti ya aliyeondoka.

Na ufunguo? Katika zote tatu, kwa mipango ya kawaida, ufunguo uko kwa kampuni. Faili limesimbwa kwenye seva zao, lakini wao wanaweza kulifungua, na wanaweza kuamriwa na mahakama ya nchi yao kufanya hivyo. Kwa majibu ya malaria huenda jambo hilo lisikunyime usingizi. Kwa faili la mgonjwa wa akili aliyetibiwa Mirembe, au majibu ya VVU ya mtu mwenye cheo anayeishi Dodoma, ningetaka zaidi ya hapo.

Huduma ambazo mwenye seva hana ufunguo

Tresorit na Proton Drive, zote za Uswisi, zinasimba faili ndani ya kompyuta yako kabla halijaondoka. Seva inapokea kitu kisichosomeka. Tresorit ilijengwa kwa ajili ya biashara tangu mwanzo, na mwaka 2021 Posta ya Uswisi ilinunua sehemu kubwa ya umiliki wake. Viungo vyake vinaweza kuwekewa nenosiri, tarehe ya mwisho na idadi ya mara za kufunguliwa, na mpokeaji hahitaji akaunti: anafungua kwenye kivinjari cha simu yake. Kwa maana hiyo mpokeaji wa Manyoni anahudumiwa vizuri hapa, vizuri kuliko anavyohudumiwa na msimbo wa barua pepe. Proton Drive ni changa zaidi, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022, ina gharama nafuu, na inakuja pamoja na barua pepe iliyosimbwa ya Proton. Kwa ofisi ya watu wawili au watatu inatosha.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni malipo: hulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa kila mtumiaji, kila mwezi au kila mwaka, kwa kadi, na kadi ikikataliwa siku ya kulipa huduma huanza kubana. Ofisi ilipie mwaka mzima kama inaweza. Wa pili ni ufunguo wenyewe. Kwa kuwa kampuni haiwezi kulifungua faili, haiwezi pia kukuokoa ukipoteza nenosiri bila kuwa umeandaa njia ya kujinasua. Karatasi yenye maneno ya kurejesha akaunti inapaswa kuandikwa siku ya kwanza, ifungwe katika bahasha, na iwekwe kwenye sefu ya ofisi. Isiwe kwenye droo ya mfanyakazi mmoja.

Kuna njia ya katikati kwa anayelipia Google au Microsoft tayari. Cryptomator, programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote), hutengeneza folda inayosimba kila kitu kabla ya kupanda kwenye wingu. Google wanabaki na vipande visivyosomeka, nawe unabaki na ufunguo. Nzuri sana kwa ghala la ofisi, yaani kumbukumbu za wagonjwa wa miaka iliyopita ambazo hazitumwi kwa mtu. Kwa kutuma haifai, kwa sababu mpokeaji atahitaji programu ileile na nenosiri la folda nzima.

Seva yako mwenyewe

Nextcloud, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek nchini Ujerumani, inakuwezesha kuwa na wingu lako kwenye kompyuta iliyo ndani ya ofisi au kwenye seva ya kukodi hapa nchini. Haina ada ya leseni. Viungo vyake vina nenosiri na tarehe ya mwisho, kumbukumbu za nani kafungua zinabaki kwako, na ina kitu kimoja ninachokipenda sana kwa maabara: folda ya kupakia tu. Zahanati inapewa kiungo, inatupia fomu za wagonjwa humo, na haioni chochote ambacho zahanati nyingine imeweka. Kundi la WhatsApp la matabibu kumi linaweza kuvunjwa siku hiyohiyo.

Faida nyingine ni kwamba taarifa hazijatoka nje ya nchi, kwa hiyo masharti ya usafirishaji wa taarifa nje hayakugusi. Tena, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchini na katika nchi jirani, ofisi iliyokuwa na mafaili yake kwenye seva ya chumba cha pembeni iliweza kuyafungua kupitia mtandao wa ndani ya jengo, huku wenye mafaili kwenye wingu la nje wakihangaika.

Pamoja na hayo yote, siipendekezi kwa ofisi nyingi ninazoziandikia hapa, na nieleze sababu. Seva inataka mtu. Inataka kusasishwa kila toleo jipya la usalama linapotoka, inataka UPS, yaani betri ya akiba, inayoweza kuihimili wakati umeme umekatika, inataka diski iliyosimbwa ili mwizi akiibeba asibebe na wagonjwa, na inataka bekapu iliyotenganishwa nayo ili virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha visizipate zote mbili kwa mpigo. Fundi anayekuja kuisimika Jumamosi moja na kuondoka hajakupa seva salama. Amekupa kompyuta iliyoko wazi kwenye intaneti inayozeeka kila wiki.

Hata wenye fedha na wataalamu wameumia kwa hili. MOVEit Transfer ya kampuni ya Progress Software ni programu iliyotengenezwa mahususi kwa kuhamisha mafaili ya siri, na ilitumiwa na mashirika makubwa, yakiwemo ya afya. Mwishoni mwa Mei 2023 genge la wadukuzi la Clop lilitumia ufa uliokuwemo na kuchota taarifa za mashirika mengi duniani kabla hayajajua. Moja ya mambo yaliyoongeza maumivu ni mafaili yaliyokuwa yameachwa kwenye seva ile ya kupitishia muda mrefu baada ya mpokeaji kuyachukua. Chochote utakachochagua, mahali pa kupitishia pawe pa kupitishia. Weka siku saba, kisha faili lijifute.

Picha kubwa za mionzi

Hapa njia zote zilizotangulia huanza kuchechemea. Picha za CT za mgonjwa mmoja zinaweza kufika mamia ya MB, na kuzipandisha kwa bando la simu kutoka Mpwapwa au Kondoa ni kazi ya nusu siku. Ndiyo maana CD na flashi bado zinasafiri na mgonjwa, kwa basi au kwa treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar es Salaam. Sina ugomvi na njia hiyo. Mgonjwa kubeba picha zake mwenyewe ni haki yake na ni njia nzuri. Ugomvi wangu ni na flashi ya ofisi inayozunguka bila kufungwa, ikiwa na picha za watu ishirini, mkononi mwa dereva wa bodaboda.

Flashi ya ofisi ifungwe kwa BitLocker, ambayo imo ndani ya Windows toleo la Pro, au kwa VeraCrypt ambayo ni ya bure. Ile ya BitLocker hufunguka kwenye Windows nyingine yoyote kwa nenosiri tu, hivyo ndiyo rahisi kwa hospitali inayopokea. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba faili la DICOM, muundo unaotumiwa na mashine za mionzi, limebeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali. Kubadilisha jina la faili kuwa "mgonjwa 1" hakuondoi chochote. Anayetuma picha kwa ajili ya mafunzo au ushauri wa jumla anapaswa kuzipitisha kwanza kwenye programu inayofuta sehemu hizo. Kituo cha picha chenye kazi nyingi kinaweza kuweka seva ya Orthanc, programu huria iliyoanzia Liège nchini Ubelgiji, ambayo hufanya kazi hiyo na pia hupokea picha moja kwa moja kutoka kwenye mashine, ila yale niliyosema kuhusu seva na mtu wa kuitunza yanahusika hapa neno kwa neno.

Nani achague nini

Zahanati au maabara ndogo inayotuma majibu kwa matabibu wengi wenye simu: Proton ikiwa watumiaji ni wachache, Tresorit ikiwa kazi ni kubwa na fedha zipo, kwa viungo vyenye nenosiri na muda wa siku saba. Wakala wa bima na wakili: Microsoft 365 ya biashara, viungo kwa watu waliotajwa, na Cryptomator kwa kesi zilizofungwa. Maabara inayopokea fomu kutoka vituo vingi na iliyo tayari kumlipa fundi kwa mkataba wa kila mwezi: Nextcloud. Kituo cha picha: flashi iliyofungwa kwa sasa, Orthanc pale kazi itakapoweza kubeba mshahara wa mtaalamu. Asiye na fedha kabisa mwezi huu: barua pepe ya ofisi, PDF yenye nenosiri, na simu ya kulitaja.

Katika zote, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, na utumie programu ya misimbo kwenye simu badala ya SMS, kwa kuwa laini ya simu inaweza kusajiliwa upya na tapeli na ujumbe ukamfuata yeye.

Kabla ya kulipa, tengeneza waraka wa mgonjwa ambaye hayupo, mwenye jina la kubuni na majibu ya kubuni. Utume kwa mpokeaji wako wa mbali zaidi, kwa simu yake anayoitumia kila siku na bando lake mwenyewe, bila kumwelekeza chochote zaidi ya yale utakayomwandikia mpokeaji huyo kila atakapokuja mgonjwa wa kweli. Akishaufungua, ingia kwenye akaunti yako uangalie kama mfumo umeandika jina lake na saa aliyofungua. Kisha ufunge kiungo, mpigie simu, na umwombe ajaribu kuufungua tena.